Maneno ya Afya katika Simu za Wanafunzi wa Uuguzi

Kitenzi ugua, maana yake kushikwa na ugonjwa, kimezaa kitenzi uguza, yaani kumtumikia mtu aliyeugua. Na kutokana na uguza likapatikana jina mwuguzi, ambalo siku hizi aghalabu huandikwa muuguzi. Asili yake neno hili halikuwa jina la kazi ya mshahara. Mtu yeyote aliyekaa kando ya kitanda cha mzazi wake, akamnywesha uji na kumgeuza ubavu, alikuwa akimwuguza. Leo uuguzi una vyuo, mitihani na leseni, na katika Tanzania una sheria yake ya mwaka 2010. Walakini fikira ya asili ingali imo ndani ya neno. Mwuguzi ni wa kumwangalia mwingine, na tena baada ya huyo mwingine kuugua. Juu ya afya yake mwenyewe neno halisemi kitu.

Jambo hili lastahili kuangaliwa, kwa kuwa mwanafunzi wa uuguzi wa Tanzania hupokea maneno ya afya kwa njia tatu zisizopatana. Darasani habari za chakula, usingizi na viungo vya mwili husomwa kwa Kiingereza. Wodini mgonjwa huulizwa na hujibu kwa Kiswahili. Na kiganjani imo simu, ambayo kwa WhatsApp, Instagram na TikTok humletea Kiswahili cha namna nyingine, kisicho cha mwalimu wala cha mgonjwa. Kundi la darasa lililoundwa ili kupashana ratiba ya zamu laweza kupitisha pia habari za maji ya ndimu, za mlo wa kuondoa kitambi, na za dawa isiyo na jina. Jamaa zake nyumbani nao humtumia hayo hayo wakimwuliza kama ni kweli, maana wamekwisha kumwita nesi kabla hajafuzu.

Neno afya lenyewe lina maana zaidi ya moja. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, yaeleza kwamba afya ni hali ya kuwa mzima kabisa wa mwili, wa akili na wa maisha katika jamii, wala si kukosa maradhi tu. Hiyo ndiyo maana ya darasani. Lakini mtu akisema barazani, "Fulani siku hizi ana afya," wasikilizaji huelewa kwamba Fulani amenenepa. Aliyenenepa husifiwa kwamba amenawiri. Aliyekonda huulizwa ana nini. Msemo wa kwamba mwili haujengwi kwa matofali hutajwa mbele ya sahani, kumhimiza mtu ale. Baada ya UKIMWI kuingia, hukumu hiyo ilizidi uzito. Uganda ugonjwa huo ulijulikana katika miaka ya 1980 kwa jina la Slim, yaani wembamba. Kagera uliitwa Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa wakati ule. Tangu hapo kukonda kukawa si jambo la kula na kutokula tu, bali jambo la kushukiwa.

Sasa mwanafunzi huyo huyo hufungua simu akakuta tangazo la "kupunguza mwili" kwa siku saba, na jingine la "kuongeza shepu". Maneno haya mawili yapita mbali na somo lake. Kinachopunguzwa hakitajwi: si mafuta, si chumvi, si sukari, ni mwili mzima, kana kwamba mwili ndio kosa. Shirika la Afya Duniani humtaka mtu mzima atumikishe mwili kwa kiasi muda wa dakika 150 hadi 300 kwa juma, ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400 kwa siku, na asile chumvi ya kufikia gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Katika hesabu hizi hakuna hata moja itajayo umbo. Mwanafunzi aendaye kwa miguu upesi upesi toka bwenini hadi hospitali amekwisha kuanza kuzitimiza dakika zake, lakini akiulizwa kama hufanya mazoezi huenda akajibu hapana, kwa sababu neno mazoezi katika simu limefungamana na picha ya chumba chenye vyuma na vioo.

Istilahi rasmi nayo imechangia. Kwa namna mtu anavyoishi siku zote kumechaguliwa "mtindo wa maisha". Mtindo kwa desturi ni wa nywele, wa nguo, wa ngoma. Ni kitu kinachoonekana na kinachopita. Mwenendo na mazoea yalikuwapo, nayo yangalikuwa na maana iliyo karibu zaidi. Haishangazi kwamba mtindo wa maisha umeishia kuwa sahani iliyopigwa picha.

Lililo zito kuliko yote ni sarufi. "Tangawizi huyeyusha mafuta." Kiambishi hu- hakina nafsi wala hakifungwi na wakati, ndicho kiambishi cha mambo yaliyo daima, na ndiyo maana methali hukipenda: haba na haba hujaza kibaba. Habari ya dawa ikivikwa hu- huvaa nguo ya methali, na methali haiulizwi ushahidi. Kinyume cha hayo, kitabu cha uuguzi husema kwamba watu kadhaa walichunguzwa, ikaonekana kwamba yamkini jambo fulani lina uhusiano na jingine. Katika kufupishwa kwa ajili ya simu, neno yamkini ndilo la kwanza kuanguka. Mwisho wa habari huongezwa maneno "kama ilivyopokelewa". Wanazuoni wa pwani waliopokea hadithi walitaja aliyewapa, na aliyempa huyo, hata mwanzo wa mnyororo. Hapa tendwa imewekwa makusudi ili mnyororo usionekane. WhatsApp ilipoweka mpaka wa kupeleka ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja, Januari 2019, na kwa mmoja tu mwezi wa Aprili 2020 kwa habari zilizozungushwa mno, ilipunguza mwendo. Lugha ya habari zenyewe haikuigusa.

Neno jingine ni kukesha. Hili lina heshima ya zamani: hukesha aombaye, hukesha anayelinda, hukesha amwuguzaye mtu aliyezidiwa. Mwanafunzi wa uuguzi hukesha zamu, hukesha akijiandaa kwa mtihani, na hukesha na simu. Na lugha humpa kitenzi kile kile kwa yote matatu. Kukesha kwa tatu huazima sifa ya kukesha kwa kwanza, na usingizi uliopotea hauhesabiwi kuwa hasara. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa kauli mwaka 2015 kwamba mtu mzima alale saa 7 au zaidi. Wakala wa kimataifa wa uchunguzi wa saratani uliiweka kazi ya zamu za usiku, mwaka 2007, miongoni mwa mambo ambayo yamkini huleta saratani, na mwaka 2019 ukaishikilia hukumu hiyo. Na yamkini hapa lazima ibaki. Baadhi ya habari zilizopimwa zilitoka kwa wauguzi wenyewe, kwani tangu mwaka 1976 Marekani wauguzi zaidi ya 120,000 wameulizwa kwa barua, kwa miaka na miaka, wanakula nini, wanavuta sigara au la, na wanafanya kazi za usiku kiasi gani. Sehemu kubwa ya maarifa juu ya mazoea ya wanawake na afya zao imetoka katika majibu hayo.

Kiswahili kina kitenzi kujiuguza, nacho hutumika sana magazetini: mchezaji aliyevunjika mguu yuko nyumbani akijiuguza. Mwanafunzi wa uuguzi mwenye usingizi wa saa nne na chakula cha chipsi hawezi kusemwa kwamba ajiuguze, kwa kuwa bado hajaugua. Huambiwa ajitunze, neno ambalo matangazo ya mafuta ya uso yamekwisha kulitangulia.