Tulimfundisha Nyumbani, Kisha Tukamwachilia

Kila Jumatatu asubuhi binti yetu aliumwa tumbo. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Tukampa dawa ya minyoo, tukaanza kuchemsha maji upya, na Jumatatu iliyofuata akajikunja tena kitandani huku sare yake ikining'inia ukutani. Sisi ambao kazi yetu hospitalini ni kuwauliza watu wanaumwa wapi, tulichukua majuma matano kutambua kwamba ugonjwa wenyewe ni shule.

Huo ulikuwa mwaka 2017. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 12, na kabla ya Januari ile hakuwa amewahi kuketi darasani.

JINSI TULIVYOANZA

Baada ya elimu ya msingi bila malipo kuanza nchini Kenya mwaka 2003, shule nyingi za umma zilifurika. Katika ile iliyo karibu nasi, darasa la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya 80 na mwalimu mmoja. Karo ya shule za binafsi hatukuiweza. Ndipo marafiki wa kanisani wakatuonyesha vijitabu vya Accelerated Christian Education, mpango ulioanzia Texas, Marekani, mwaka 1970. Kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka. Mtoto husoma kwa mwendo wake, hujisahihishia mazoezi kwa kutazama kitabu cha majibu, na hufanya mtihani kabla ya kuanza kijitabu kingine.

Meza ya chakula ikawa darasa. Mmoja wetu akitoka zamu ya usiku, alioga, akanywa chai, akafundisha hadi saa sita mchana. Tuliisoma sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati kana kwamba ni barua iliyoandikiwa nyumba yetu. Miaka sita ilipita hivyo, na hatuijutii.

Lakini mtihani wa KCPE ulikuwa unakaribia, na wanafunzi walisajiliwa kupitia shule zao. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule. Tukamwandikisha darasa la saba katika shule ya umma.

ALAMA 31

Mtihani wa kwanza alipata Hisabati 84, Kiswahili 31. Vijitabu vyetu vilikuwa vya Kiingereza. Kiswahili alikizungumza tangu utotoni, lakini hakuwahi kuandika insha wala kusikia habari za ngeli. Marais wa Marekani aliwajua kuliko kaunti 47 za nchi yake.

Siku moja, katikati ya zoezi, alisimama akaenda mezani kwa mwalimu kuchukua majibu ili ajisahihishie, kama alivyozoea. Darasa zima lilicheka. Tangu siku hiyo wenzake wakamwita mwizi wa majibu. Sisi hakutuambia.

Aliyegundua ni baba yake, siku alipoamua kumsindikiza kwa miguu. Njiani alimwuliza anaogopa nini. Mtoto akajibu, "Baba, si mlisema shule hizi zina watoto wabaya? Sasa mbona mmenileta?"

Dada mpendwa, swali hilo lilitunyamazisha. Kwa miaka sita tulikuwa tumeisifu meza yetu kwa kuzitukana shule za wengine, hata katika mikutano ya akina mama kanisani. Tulidhani tunamlinda, kumbe tulikuwa tunampandia hofu. Usiku ule tulimwita, tukamwomba msamaha. Alitutazama kitambo, kisha akauliza kama sasa anaweza kula.

Kesho yake tulikwenda kwa mwalimu wa darasa tukamweleza yote, pamoja na kosa letu. Mwalimu hakutulaumu. Alimhamisha binti yetu akamketisha karibu na msichana hodari wa insha ambaye sehemu na desimali zilimshinda. Wakafundishana. Kufikia muhula wa tatu, Jumatatu ilikuwa siku kama siku nyingine. Katika KCPE ya mwaka 2018 alipata Kiswahili 68, akajiunga na shule ya upili ya kutwa ya umma.

MEZA ILEILE TENA

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, naye akiwa kidato cha pili. Darasa lake lilirudi Januari 2021. Miezi hiyo ndiyo iliyotuonyesha kwamba kazi yetu ya kwanza haikupotea. Kila asubuhi aliketi katika meza ileile bila kusukumwa, na baada ya muda mabinti wawili wa jirani, barakoa usoni, wakawa wanasoma naye barazani.

Mwishoni mwa mwaka 2022 alifanya KCSE, akapata C+. Septemba 2023 alianza diploma ya uuguzi katika chuo cha KMTC. Usiku wa kwanza tulimpigia simu tukiwa na wasiwasi juu ya kelele za bweni. Akacheka: "Mama, kelele nilizizoea darasa la saba."

KWA MZAZI ALIYE NJIANI

Ukitaka kumtoa mtoto nyumbani kumpeleka shuleni, fanya mapema, si mwaka wa mtihani. Tayarisha cheti cha kuzaliwa. Linganisha masomo yake na mtaala wa serikali, hasa Kiswahili na Maarifa ya Jamii. Mwonyeshe jinsi darasa linavyoendeshwa: kunyosha mkono, kungoja zamu, kumwachia mwalimu kusahihisha. Mweleze mwalimu alikotoka mtoto. Akiumwa tumbo, mpime. Vipimo vikiwa safi, tembea naye. Na zaidi ya yote, chunga kinywa chako juu ya mahali ambapo kesho utampeleka.

Hana alimwacha Samweli Shilo angali mdogo, lakini hakuacha kuwa mama. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Ilimbidi akisie mtoto amekua kiasi gani, kwa maana kanzu ya mwaka jana isingemtosha. Nasi tungali tunajifunza kukisia hivyo.