Bei ya Simu na Mkataba Wake

Mwezi wa Julai 2008 simu mpya ya iPhone 3G iliuzwa Marekani kwa dola 199, ilhali ile iliyoitangulia iliuzwa dola 399. Je, dola 200 zilikwenda wapi? Kampuni ya mawasiliano ya AT&T ilimlipa mtengenezaji sehemu ya bei, kisha ikamfunga mnunuzi kwa mkataba wa miaka 2; aliyeuvunja alitozwa faini. Wakati huo huo ada ya intaneti ilipanda kutoka dola 20 hadi 30 kwa mwezi. Mwanafunzi na azidishe: 10 × 24 = 240. Punguzo, basi, lilikuwa mkopo usioitwa mkopo. Mwaka 2013 T-Mobile ya Marekani iliitenga bei ya simu na ada ya huduma.