Kufundisha Utunzaji wa Kumbukumbu za Hifadhidata: Nini Kifutwe, na Lini

Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu wa shule ya msingi huulizwa siku hizi, yako yahusuyo kompyuta. Wanafunzi husikia kwamba kompyuta ya ofisi fulani imejaa na kazi imesimama, nao hutaka kujua ni kitu gani hasa kilichojaa, na kwa nini kisitupwe tu. Swali hilo lastahili jibu kamili. Katika makala haya tutaeleza habari za faili za kumbukumbu ambazo hifadhidata hujiwekea, na ambazo zisipoangaliwa hujaza diski. Kisha tutaonyesha jinsi mwanachuo anavyoweza kulifundisha jambo hili darasani kwa kufuata kanuni tuijuayo sote, ya kutoka kwenye lijulikanalo kwenda kwenye lisilojulikana.

Kumbukumbu hizi ni nini?

Hifadhidata ni taarifa nyingi zilizopangwa katika kompyuta kwa utaratibu maalumu, kama vile akiba za wateja wa benki, dawa zilizomo katika bohari ya hospitali, au alama za watahiniwa. Oracle na PostgreSQL ni programu mbili zitumikazo sana kuendesha kazi hiyo. Taarifa hizo hubadilika kila wakati: mteja huweka fedha, mgonjwa hupewa dawa, alama husahihishwa. Kabla ya programu kuthibitisha kwamba badiliko limekubaliwa, huliandika kwanza katika daftari lake la mabadiliko. Umeme ukikatika ghafla, programu iwashwapo tena hulisoma daftari hilo na kukamilisha yale yaliyokuwa yamekubaliwa.

Daftari hilo halina kurasa zisizo na mwisho. Katika Oracle, kwa mfano, huwa na faili chache zinazojazwa kwa zamu. Ya mwisho ikijaa, programu huirudia ya kwanza na kuandika juu ya maandishi ya zamani. Kwa sababu hiyo wasimamizi huiagiza programu kwamba, kabla ya kuandika juu ya faili iliyojaa, iinakili kwanza na kuiweka mahali pengine. Nakala hizo ndizo tutakazoziita kumbukumbu za akiba. Kila moja hupewa namba yake, nazo hufuatana pasipo kurukwa hata moja.

Faida yake ni hii. Tuseme hifadhidata nzima ilinakiliwa Jumapili usiku, na diski ikaharibika Alhamisi saa nane mchana. Asiye na kumbukumbu za akiba atarudishiwa hali ya Jumapili tu. Kazi ya siku nne imepotea. Aliye nazo zote ataanza na nakala ya Jumapili, kisha kompyuta itarudia mabadiliko moja baada ya jingine mpaka ifikie karibu kabisa na dakika ile ya Alhamisi.

Kwa nini diski hujaa?

Hapa hesabu za darasani zatufaa. Katika PostgreSQL, faili moja ya kumbukumbu kwa kawaida huwa na ukubwa wa megabaiti 16. Tuchukue mfano wa ofisi yenye shughuli nyingi ambayo hujaza faili moja kila dakika. Siku moja ina dakika 1,440. Basi faili 1,440 zikizidishwa kwa 16 ni megabaiti 23,040. Ikiwa diski ina nafasi ya megabaiti 230,400, itajaa katika siku 10. Diski kubwa zaidi itachukua siku nyingi zaidi, lakini nayo itajaa vilevile, kwa kuwa kinachoingia hakitoki.

Matokeo yake si madogo. Oracle ikikosa mahali pa kuweka kumbukumbu ya akiba, haithubutu kuandika juu ya faili ambayo haijanakiliwa. Husimamisha mabadiliko yote, na watumiaji huona ujumbe wenye namba ORA-00257. Katika PostgreSQL, mahali pa akiba pakijaa, faili ambazo hazijanakiliwa hulundikana katika folda ya programu yenyewe. Nayo diski hiyo ikijaa, programu hujizima. Mabadiliko yaliyokwisha kukubaliwa hayapotei, lakini hakuna kazi itakayofanyika mpaka nafasi ipatikane. Mteja aliyesimama dirishani huambiwa asubiri.

Mwanachuo azingatie kwamba kujaa huku mara nyingi ni dalili, mithili ya homa. Huenda kazi ya kunakili kila usiku iliacha kufanyika na hapana aliyetambua. Huenda ipo kompyuta ya pili, inayopokea mabadiliko yaleyale ili isaidie ya kwanza ikiharibika, nayo imezimika, huku ya kwanza ikiendelea kuitunzia faili zake. Au huenda taarifa nyingi mno ziliingizwa kwa mara moja. Mwenye kufuta faili bila kutafuta sababu hutuliza homa na kuuacha ugonjwa.

Hatari ya kufuta ovyo

Kwa kuwa kazi imesimama na wakubwa wanauliza, mtu huvutwa kufuta faili zozote azionazo kuwa za zamani. Hapo ndipo penye hatari. Kumbukumbu za akiba ni mnyororo: pete moja ikikatika, zote zinazofuata hazina kazi kwa nakala iliyotangulia. Kompyuta haiwezi kubahatisha kilichokuwa katika faili iliyokosekana. Itafika hapo na kusimama.

Mfano mmoja wahusu lugha, nao wafaa kukumbukwa na kila mwalimu. Kwa miaka mingi folda ya PostgreSQL iliyotunza daftari la mabadiliko iliitwa pg_xlog. Jina hilo liliwafanya baadhi ya watu wadhani kwamba mlikuwa na maandishi ya kawaida ya matukio, yasiyo na thamani yakishasomwa. Diski ilipojaa waliyafuta, nao wakaiharibu hifadhidata. Katika toleo la 10, lililotolewa mwaka 2017, jina likabadilishwa kuwa pg_wal ili kupunguza kosa hilo. Jina baya la kitu laweza kumpoteza mtu mzima. Litampoteza mtoto upesi zaidi.

Mfano wa pili ni wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu. Tarehe 31 Januari 2017 kompyuta yake ya pili ilibaki nyuma ya ile kuu, na faili za mabadiliko ilizozihitaji zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Kumbukumbu za akiba hazikuwa zikitunzwa, hivyo ikalazimu kompyuta ya pili ijengwe upya tangu mwanzo. Katika pirikapirika hizo, taarifa za kompyuta kuu zikafutwa kwa makosa. Nakala za kawaida zilipotafutwa, iligundulika kwamba kazi ya kuzitengeneza ilikuwa ikishindwa bila wahusika kupata habari. Kilichoiokoa kampuni ni nakala nyingine iliyokuwa imefanywa saa 6 hivi kabla ya ajali. Mabadiliko ya saa hizo 6 yalipotea, na takriban miradi 5,000 iliathirika.

Utaratibu unaofaa

Kanuni ni moja: kumbukumbu ya akiba isifutwe mpaka kiwepo kitu kingine kilichochukua kazi yake, na kitu hicho kiwe kimejaribiwa. Kutokana na kanuni hiyo twapata hatua zifuatazo.

1. Kutazama kwanza. Msimamizi apime ni nafasi gani imejaa, na kwa nini imejaa.

2. Kupata nafasi pasipo kufuta. Aweza kuongeza diski, au kuzihamishia kumbukumbu mahali pengine penye usalama, ili kazi iendelee wakati anapotafuta sababu.

3. Kunakili, kisha kufuta. Hifadhidata inakiliwe, nakala ihakikishwe, ndipo zifutwe kumbukumbu zilizo za zamani kuliko nakala ya kale kabisa inayohitajiwa bado. Ikiwa iko kompyuta ya pili, nayo iwe imekwisha kuzipokea.

4. Kufuta kwa kutumia chombo cha programu yenyewe. Oracle ina chombo kiitwacho RMAN, ambacho hufuta faili na papo hapo kuziondoa katika orodha. Mtu akizifuta kwa mkono katika eneo ambalo Oracle imelitenga kwa akiba, programu huendelea kuhesabu kwamba eneo limejaa, kwa kuwa orodha yake haikusahihishwa. Ni sawa na kutoa magunia stoo bila kuandika katika leja: stoo ni tupu, lakini leja yasema imejaa.

5. Kuweka tahadhari. Msimamizi apate taarifa mapema, nafasi ingali ipo. Tena ajaribu mara kwa mara kuirudisha hifadhidata kutokana na nakala zake, maana nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Jinsi ya kufundisha darasani

Somo hili lafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, nalo halihitaji kompyuta. Zana ni kipande cha ubao, daftari moja, na vikaratasi sita vyenye namba 1 hadi 6.

Mwalimu aseme kwamba stoo ya shule ilihesabiwa Jumatatu ikawa na kilo 200 za mahindi. Hesabu hiyo ni nakala ya hifadhidata. Kisha wanafunzi sita wapewe vikaratasi: cha 1, toa 30, cha 2, ingiza 50, cha 3, toa 40, cha 4, toa 25, cha 5, ingiza 60, cha 6, toa 45. Mwanafunzi wa saba awe karani, akiandika salio katika daftari kila kikaratasi kisomwapo. Mwishoni salio litakuwa kilo 170.

Sasa mwalimu alifiche daftari na kusema limeungua. Je, salio laweza kupatikana tena? Wanafunzi wataona wenyewe kwamba laweza, kwa kuanza na 200 na kusoma vikaratasi kwa mpango wake. Baada ya hapo akichukue kikaratasi cha 4 na kurudia swali. Wengine watakiruka na kupata 195, jibu lililo na makosa ya kilo 25. Mwalimu asikimbilie kuwasahihisha. Awaulize wamejuaje kwamba kikaratasi kilichopotea hakikuwa na kitu. Kwa majadiliano watafikia jibu la haki: tunalo hakika salio la kilo 180 baada ya kikaratasi cha 3, na zaidi ya hapo hatujui.

Mwisho, mwalimu arudishe kikaratasi, stoo ihesabiwe upya mbele ya mashahidi na ikutwe na kilo 170. Sasa awaulize: tukitaka salio la leo na la siku zijazo tu, vikaratasi vya 1 hadi 6 vyahitajika bado? Hapa ndipo kiini cha somo kilipo. Vikaratasi havikukosa thamani kwa kuwa vimezeeka, wala kwa kuwa meza imejaa. Vimeweza kuwekwa kando kwa sababu hesabu mpya, iliyohakikishwa, imechukua kazi yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba kumbukumbu za akiba hujaza diski kwa sababu zinafanya kazi yake, na kwamba tiba yake ni utaratibu wa kunakili, kuhakiki, na ndipo kufuta. Wanachuo watakaolifundisha somo hili watakuta kwamba linagusa pia rejesta ya mahudhurio, leja ya stoo na vitabu vya fedha vya shule. Mtoto azoeaye kuuliza "ni nini kitakachoshika nafasi ya karatasi hii nikiitupa?" amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya kutunza kumbukumbu, hata kama hajapata kuigusa kompyuta.