Ukitaka Simu Karagwe au Kyerwa, Anza kwa Fundi

Biashara ya simu katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hufuata kalenda ya kahawa. Robusta huanza kuvunwa kuelekea katikati ya mwaka, na malipo ya vyama vya msingi yakishaanza kuingia, maduka ya Kayanga, Omurushaka na Nkwenda hubadilika sura. Maboksi hupangwa hadi mlangoni, spika hutolewa barazani, na vijana waliovaa fulana za kampuni husimama kando ya barabara wakiita wateja. Ikifika Februari, maduka hayohayo huishi kwa kava, chaja na usajili wa laini.

Mwaka 2024 robusta ilipanda katika soko la dunia hadi kiwango ambacho kizazi hiki hakikuwahi kukiona. Mkulima ambaye hakuwa ameiuza kahawa yake kwa butura, ikiwa bado mtini, alikuwa na sababu ya kuingia dukani bila kuinamisha kichwa. Swali linalonihangaisha ni anachotoka nacho. Mimi ni mpenzi wa vifaa hivi, husoma sifa zake usiku na kuvishika mchana, na nina msimamo kuhusu karibu kila chapa inayouzwa hapa. Msimamo wangu mkubwa ni huu: katika wilaya hizi mbili, simu ipimwe kwanza kwa fundi anayeweza kuitengeneza, kisha kwa betri, kisha kwa ukubwa wa hifadhi yake. Kamera, rangi na jina vije baadaye.

Tuanze na kitochi, simu ndogo ya vitufe yenye tochi, maana wapo wanaojifanya kimekufa. Hakijafa. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ilituwekea vipimo ambavyo bado vinatawala: tochi, vitufe visivyoingiza vumbi, chaji ya siku kadhaa. Leo nafasi yake imeshikwa zaidi na itel na Tecno. Kwa mzee wa Kaisho au Mabira anayehitaji kupiga, kupokea na kutoa fedha kwa wakala, sioni sababu ya kumuuzia kitu kingine. Barabara za vumbi jekundu na mvua za misimu miwili haziihurumii simu ya kioo, na katika vijiji ambako umeme haujafika ndani ya nyumba, kuchaji kwa mwenye sola kunagharimu shilingi mia chache kila mara. Ukichaji mara mbili kwa wiki badala ya kila siku, tofauti ya mwaka mzima inatosha kununua kitochi kingine.

Wako waliojaribu kuweka intaneti ndani ya umbo hilo. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye mfumo wa KaiOS na WhatsApp ndani yake. Wazo lilikuwa zuri na nililipenda. Lakini mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye KaiOS, na simu nzima ikapoteza kile ambacho wengi waliinunulia. Hilo ni somo zito kuhusu simu zote za bei ya chini: kifaa kinaweza kuwa kizima na bado kikafa, kwa sababu programu imekiacha nyuma. Mwanzoni mwa mwaka huohuo WhatsApp iliziacha pia simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Anayeuziwa simu ya zamani iliyotumika na aulize toleo kabla ya kuuliza bei.

Sasa twende kwenye uwanja wenyewe wa mashindano. Tecno, Infinix na itel, chapa tatu ambazo vijana hubishania mpaka sauti zikauke, ni za baba mmoja: Transsion, kampuni ya Shenzhen iliyoanzishwa mwaka 2006 na George Zhu, na ambayo hisa zake zimeorodheshwa Shanghai tangu 2019. Nyumbani China karibu haiuzi simu. Ilikuja Afrika ikatazama tunavyoishi: laini mbili kwa sababu kila mtandao una mahali pake, betri kubwa kwa sababu umeme hukatika, kamera iliyopangwa kuitendea haki ngozi nyeusi. Mwaka 2011 ilifungua kiwanda cha kuunganisha simu karibu na Addis Ababa. Heshima hiyo naipa Transsion bila kinyongo. Ilitusikiliza wakati wakubwa wengine walikuwa wakituletea mabaki ya soko la Ulaya.

Lakini kuna jambo moja nisilowasamehe, nao si peke yao wanaolifanya. Boksi limeandikwa 8GB kwa herufi nene, ukisoma vizuri unakuta ni 4 jumlisha 4. Nne za kwanza ni kumbukumbu ya kazi halisi. Nne za pili zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi ya picha na nyimbo, nayo ni ya polepole mno kufanya kazi hiyo. Mteja wa Nkwenda analipa akiamini amepata simu ya gigabaiti nane, kisha baada ya miezi sita inaganda akifungua WhatsApp na TikTok kwa pamoja. Muuzaji mwenye kuheshimu jina lake na amwambie mteja ukweli huo kabla fedha hazijahesabiwa.

Samsung ndiyo inayosimama upande wa pili wa meza. Galaxy A05 ya 2023 na A06 ya 2024 zina betri ya 5,000 mAh sawa na washindani wao, na kwa kioo na kasi sizioni zikizizidi Tecno Spark au Redmi 13C za fedha hiyohiyo. Ukiweka Spark 20, Redmi 13C na A05 pamoja mezani, ndani yake utakuta kichakataji kilekile, Helio G85 cha MediaTek. Wanaogombana kuhusu ipi ina nguvu zaidi wanagombania boksi. Tofauti ya kweli iko kwenye umri. Samsung imetangaza kwamba Galaxy A16 itapata masasisho ya mfumo na usalama kwa miaka sita. Mtu anayetunza fedha, akaunti ya benki na namba ya NIDA ndani ya simu anastahili ulinzi wa namna hiyo, na mkulima anayenunua simu mara moja kila baada ya misimu minne ndiye anayeuhitaji kuliko mtu wa mjini anayebadilisha kila mwaka.

Kuhusu iPhone zilizotumika, zinazokuja kupitia Dubai na Kariakoo, nitasema kwa ufupi. Ni vifaa vizuri vilivyotengenezwa kwa uangalifu. Lakini iPhone X ya 2017 iliondoka kiwandani na betri ya 2,716 mAh, karibu nusu ya ile ya simu janja nyingi za bei ya chini za leo, na huenda betri hiyo imekwisha kubadilishwa kwa ya kuiga kabla haijafika Kayanga. Kijana anayeinunua kwa fedha ya kahawa ya familia hununua jina, na hutembea na chaja mfukoni.

Fundi ndiye kiini cha biashara hii, na ndiye anayesahaulika katika hesabu. Mafundi wa Kayanga na Omurushaka hukaa kwenye vibanda vyenye meza moja, taa ya kukuzia na waya wa lehemu, na humo ndimo unapoona soko lilivyo hasa. Kioo cha Tecno au itel inayouzwa kwa wingi kinapatikana papo hapo, au kinafika kwa basi kutoka Bukoba au Mwanza siku inayofuata. Cha Samsung za mfululizo wa A za bei ya chini kinapatikana pia, kwa bei ya juu kidogo. Cha Redmi mara nyingi huagizwa. Cha chapa ngeni, ile iliyoletwa mara moja na mfanyabiashara mmoja, hakipo kabisa, na simu nzima huishia kuwa ghala la vipuri. Nenda kwa fundi kabla ya kwenda dukani, umuulize ni simu zipi alizifungua wiki hii na kwa kosa gani. Hakuna tangazo litakalokupa habari sahihi kuliko hiyo. Kosa linalorudi kila siku ni tundu la chaji, linaloharibiwa na vumbi na nyaya za bei poa.

Lehemu ile aliyoishika fundi hutengenezwa zaidi kwa bati, na takribani nusu ya bati lote la dunia huishia humo, likiunganisha vipande vidogo juu ya bodi za simu na kompyuta. Kyerwa inachimba bati tangu enzi za ukoloni, na wachimbaji wadogo wanaendelea hadi leo. Madini yanaondoka yakiwa mchanga mzito ndani ya magunia, yanarudi miaka kadhaa baadaye yakiwa ndani ya boksi lenye picha ya msichana anayecheka. Wilaya yenye bati na mafundi wenye mikono mizuri ilistahili angalau chuo kimoja cha ufundi wa vifaa vya kielektroniki chenye mashine za kisasa, na nadhani halmashauri ingepata faida haraka kuliko inavyodhani.

Mkopo wa simu umebadilisha soko katika miaka michache iliyopita. Unatoa kianzio, unaondoka na simu, unalipa kila siku au kila wiki kwa simu yenyewe. Usipolipa, skrini inajifunga, na kuifuta upya hakusaidii kwa sababu kufuli limepachikwa ndani ya mfumo. Naunga mkono mikopo, kwani bila hiyo mama lishe wa Omurushaka asingeshika simu janja. Ninachokataa ni hesabu kufichwa. Chukua mfano wa simu ya Sh 300,000: ukilipa Sh 1,500 kila siku kwa mwaka mzima, umetoa Sh 547,500, na kianzio hakijahesabiwa. Kipato cha mkulima wa kahawa huja kwa msimu, lakini marejesho hudai kila asubuhi. Kampuni itakayopanga marejesho yafuate mavuno, sehemu kubwa Julai hadi Septemba na kidogo miezi mingine, itawashinda wenzake wote katika wilaya hizi.

Kodi nayo ina historia yake. Bajeti ya 2021/22 ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka mmoja baadaye msamaha ulifutwa, kwa hoja kwamba mlaji hakuonja unafuu wowote. Hoja ina ukweli, kwani bei za madukani hazikusogea kwa kiasi kilichotarajiwa. Hata hivyo mwaka mmoja ni muda mfupi mno kwa mzigo uliokwisha nunuliwa kwa bei ya zamani kuisha kwenye maghala ya Dar es Salaam, sembuse kufika Murongo.

Murongo kwenyewe kuna soko jingine, ng'ambo ya Mto Kagera, Kikagati upande wa Uganda. Simu huvuka kama bidhaa nyingine zinavyovuka. Bei inaweza kuvutia, ila dhamana hubaki upande uliponunua, na simu iliyopita bila kulipiwa ushuru ni mzigo wa mtu binafsi ikiharibika. Kumbuka pia Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu zenye namba bandia za utambulisho; wengi waliamka na kifaa kisichoshika mtandao. Kupiga *#06# na kutuma namba ya utambulisho inayoonekana kwenda 15090 ni kazi ya dakika moja, na ifanyike kabla ya kulipa. Vijiji vya kandokando ya mto vina usumbufu mwingine: simu hudaka mawimbi ya MTN ya Uganda au Rwanda na salio likaliwa kwa bei ya ugenini. Simu inayokuruhusu kuchagua mtandao kwa mkono na kuubakiza hapo ina thamani kubwa huku kuliko lenzi ya tatu ya kamera.

Vishikwambi havikuja Karagwe na Kyerwa kwa njia ya soko. Vilikuja na serikali. Makarani wa sensa ya Agosti 2022 walivitumia kuhesabu watu, kisha vikagawiwa kwa walimu wa shule za umma. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa shule ya kijijini alikuwa na skrini ya kutosha kusoma kitabu cha maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania bila kukodoa macho. Mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, kifaa hicho kilipata kazi halisi.

Madukani, kishikwambi kizuri cha kununua kwa fedha yako ni kitu cha kuagiza. Ningechagua Galaxy Tab A9 ya 2023, inchi 8.7, lakini ile yenye nafasi ya laini tu. iPad isiyo na laini ni kifaa bora katika nyumba yenye intaneti ya waya. Lakini Nkwenda itakulazimu kuiunganisha na simu kila mara, na betri mbili zitaisha kwa pamoja. Vile vya bei ya chini visivyo na jina, vinavyouzwa kama vya watoto, viacheni. Skrini zake ni hafifu na mfumo ni wa zamani siku unapofungua boksi.

Vya walimu vimeanza kuzeeka pamoja. Betri zimechoka, vioo vimepasuka, na kila mwalimu anahangaika peke yake na kifaa ambacho fundi hana kipuri chake. Hapo pana biashara inayongoja mtu: kifaa cha aina moja, maelfu katika mkoa mmoja, wamiliki wanaojulikana shule kwa shule. Mfanyabiashara wa Kayanga akikubaliana na halmashauri hizi mbili aagize betri na vioo kwa jumla, bei ya kipuri itashuka, mafundi watapata kazi ya miezi mingi, na vishikwambi vitafika muhula ujao vikiwa bado vinawaka.