Telefone inayolala mu kabati ni kama mbegu

Ninawauliza swali moja rahisi: kwenu nyumbani kuko telefone ngapi zisizofanya tena kazi? Hesabu pia ile yenye kioo kimepasuka, ile yenye haishiki tena chaji, na ile mashini ya chuo yenye haiwaki. Mimi nilihesabu zetu: telefone tano, radio moja na mashini moja. Na hakuna mtu mu nyumba anayekubali hata moja itoke.

Wengi wanasema ni kujaza tu nyumba uchafu. Mimi sikubali. Watu wanaweka vitu hivi juu ya sababu za kweli. Lakini kuko jambo moja tunalosahau: kuweka si kuchunga.

Sababu ya kwanza ni bei. Kwetu telefone hainunuliwi kwa siku moja. Mtu anatoa dola mbili leo, tano kesho, anangojea zamu yake ya likelemba mpaka pesa inatosha. Kitu ulichokitolea jasho ya miezi sita hakitoki mkononi juu tu kimezima. Hata wachumi walipima jambo hili. Mwaka 1990, Kahneman, Knetsch na Thaler walitangaza majaribio ambamo wanafunzi fulani walipewa vikombe, kiisha wakaulizwa wataviuza kwa bei gani. Wenye vikombe walitaka karibu mara mbili ao zaidi ya bei ambayo wengine walikubali kulipa. Na ni vikombe walivyokaa navyo muda kidogo tu! Sembuse telefone uliyoandikia TFC yako yote.

Sababu ya pili ni kazi. Telefone ya zamani haijafa kila mara, imepitwa tu. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na tochi yake kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Telefone za namna hiyo zinatuma pesa mpaka leo, kwa sababu zile kodi za nyota na alama ya reli hazihitaji intaneti. Mu mwezi wa tano 2021, wakati Nyiragongo ilitapika na watu wa Goma tukashika njia ya Sake, telefone kubwa zilizima zote siku ya kwanza. Iliyobaki ni kale kadogo ka tochi kenye radio. Njo kalituangazia usiku, njo kalitupa habari za Radio Okapi.

Sababu ya tatu ni vipuri. Fundi wa Birere haoni takataka. Anaona spika, kioo, mahali pa kuingiza chaja, kamera. Telefone moja iliyokufa inaweza kufufua mbili.

Ya ine ndiyo nzito zaidi: kumbukumbu. Wakati nilikuwa mwanafunzi wa agronomia, nilimurekodi tate yangu, mama yake baba, akieleza namna anachagua mbegu za maharagi: zipi za kula, zipi za kupanda, zipi za kuchanganya na majivu kabla ya kuweka mu chungu. Dakika kumi na moja. Leo hayuko tena. Mu familia yote, ile ndiyo sauti yake peke yake iliyobaki. Mtu akikuambia utupe telefone kama hiyo, hajui anachosema.

Sasa tusikilizane vizuri. Mkulima pia anaweka mbegu, lakini anajua kwamba mbegu inapumua na inazeeka. Joto na unyevu vinaiua polepole, na kwa macho haionyeshi kitu. Njo maana kabla ya msimu tunafanya jaribio: unahesabu mbegu mia moja, unazifunga mu kitambaa chenye maji, unangoja siku saba mpaka tisa. Zikiota 90, panda. Zikiota 40, ujue unachelewa.

Telefone iliyolala iko vile vile. Batri ya lithiamu inapoteza chaji polepole hata kama umeizima. Ikishuka chini ya mpaka fulani, shaba iliyo ndani yake inaanza kuyeyuka, na batri inakataa kuchajiwa. Zingine zinatoa gazi na kuvimba mpaka zinasukuma kioo. Memori nayo inashika picha na sauti kwa chaji ndogo sana za umeme. Miaka mingi bila kuwashwa, chaji hizo zinaweza kuvuja. Tena programu hazikungoji. Tangu Oktoba 2023, WhatsApp haifanyi tena kazi kwenye Android zilizo chini ya 5.0. Na kama namba yako ya zamani ilikufa, utapokea wapi ile kodi ya kuingia?

Kwa hiyo, tufanye nini? Toa zote, zitandike mezani, uzigawe mafungu matatu.

Fungu la kazi: zile zenye zinawaka. Zichaji mpaka karibu nusu, zizime, uziweke mahali pakavu, mbali na mabati na jiko. Kila miezi mitatu ziwashe. Hilo ndilo jaribio letu la kuota.

Fungu la kumbukumbu: hapa usingoje. Pindi inawaka, hamisha picha na sauti mu mashini na mu flash, kiisha mpe ndugu mwingine nakala. Sauti ya tate niliihamisha siku nilipoona mgongo wa telefone umeanza kuinuka. Sasa iko mu telefone za watoto na wajukuu wote. Kama telefone haiwaki, fundi anaweza kujaribu batri ya ingine. Na ikiwa batri imevimba, usiichaji, usiitoboe: iweke mu kopo la chuma lenye mchanga mkavu, inje ya chumba cha kulala, mpaka fundi aitoe.

Fungu la vipuri: futa habari zako, toa SIM na kadi ya memori, kiisha peleka kwa fundi. Itamusaidia mtu leo. Mwaka kesho pengine hakuna atakayeitaka.

Lakini mu korongo ao mu moto, hapana. Hapa ninasema kama mtu wa udongo. Majani ya migomba yanaoza na kuwa mbolea. Risasi na kadimiamu haziozi. Zinabaki mu shamba, na mboga za majani kama lengalenga zinaweza kuvuta kadimiamu mpaka mu sahani yako. Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za takataka za elektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyojulikana kwamba ilikusanywa na kutengenezwa vizuri.

Na sisi Wakongomani tuna sababu ingine. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Koltani ya Rubaya inatoa tantali, ile inayowekwa mu vipande vidogo vinavyotuliza umeme ndani ya telefone. Kijana fulani alishuka mu shimo ili kitu hiki kipatikane. Kikizunguka dunia na kurudi kwetu, kisije kuoza bure chini ya kitanda.

Basi leo jioni, kama kuran iko, fungua valizi. Washa moja moja, sikiliza kilicho ndani. Ile yenye sauti ya mtu unayempenda, anzia hapo.