Msafara wa Baiskeli Mtandaoni: Asiachwe Mtu Nyuma

Mwendeshaji huifunga baiskeli yake kwenye mashine maalumu chumbani. Mlima unapotokea kwenye skrini, mashine huyafanya makanyagio kuwa mazito, na mwenzake aliye nchi nyingine huonekana akienda kando yake. Ndivyo ifanyavyo kazi programu ya Zwift, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2014, na iliyokimbiliwa na wengi mwaka 2020 walipozuiwa kutoka nje kwa sababu ya UVIKO-19.

Hata hivyo, kuonekana pamoja si kuwa pamoja. Kwenye miinuko hasa, kasi hutegemea nguvu ya kukanyaga, ipimwayo kwa wati, ikilinganishwa na uzito wa mwili. Kwa hiyo mgeni, mzee, mtu mnene au anayeinuka kutoka kwenye ugonjwa huachwa mapema, akabaki akikanyaga peke yake. Aliyeachwa hivyo mara mbili tatu hana hamu ya kurudi, ilhali pengine yeye ndiye aliyeyahitaji mazoezi kuliko wote.

Dawa ya kwanza imo ndani ya programu yenyewe. Upo mpangilio unaoliweka kundi pamoja bila kujali nguvu: mwenye wati 80 na mwenye wati 250 hufika pamoja, ilimradi wote wanakanyaga. Mpangilio huo huwafaa pia waendeshao kwa mikono, kwa kuwa misuli ya mikono hutoa nguvu ndogo kuliko ya miguu. Usipotumika, kiongozi atangaze kasi mapema na kuiheshimu, na mwendeshaji mwenye uzoefu akae mkiani kuwasindikiza wanaochelewa.

Dawa ya pili ni sauti. Ni vigumu kuandika ujumbe huku mtu akikanyaga; simu ya kundi hurudisha mazungumzo. Maongezi hayo ni kipimo cha afya vilevile: anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yumo katika mazoezi ya wastani. Kipimo hiki humsaidia hata anayetumia dawa zinazopunguza mapigo ya moyo, ambaye saa ya mkononi yaweza kumpotosha. Kwa wasiosikia, maelekezo yaandikwe kabla ya safari kuanza.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Safari tatu za dakika 50 hutimiza kiwango cha chini.

La mwisho ni usalama. Chumba kiwe na feni na maji, na mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu aache mara moja na kutafuta matibabu. Anayezirai chumbani haonekani na wenzake. Kwenye skrini taswira yake husimama tu. Kundi linalozungumza litagundua ukimya wake, nalo linapaswa kujua mapema ni nani wa kupigiwa simu.