Muulize Fundi Jina Lake

Akina mama wengi tunapopamba sebule hukimbilia maua ya plastiki, na kikapu kizuri cha ukindu hubaki jikoni na vitunguu. Si vibaya kikapu kukaa jikoni, maana ndiko kazi yake iliko. Ila tumekizoea mno hata hatukitazami tena.

Tabora ni mahali pazuri pa kujifunza kutazama. Katika karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa. Ilikuwa biashara ya pembe za ndovu na, kwa huzuni kubwa, ya watu pia. Lakini katika njia hiyo zilipita vilevile kazi za mikono: majembe ya wahunzi, na vilindo, yaani makasha ya magome ya miti ya kuwekea nafaka. Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, usiharakishe kuingia ndani. Simama kwanza mlangoni uangalie nakshi. Ni ufundi wa pwani uliosafiri hadi bara.

Kiti kimoja cha enzi cha Kinyamwezi, chenye egemeo refu lililochongwa umbo la mtu, kiko katika makumbusho ya Berlin tangu enzi za Wajerumani. Wataalamu wamekisifu na kukipiga picha. Kilitoka Buruku, hilo linajulikana. Aliyekichonga ni nani, halijulikani. Mtu alikaa siku nyingi na tezo mkononi, kazi yake ikavuka bahari, jina lake likapotea njiani.

Kwa hiyo, mama mpenzi, ukinunua kigoda au kikapu, muulize fundi jina lake na kijiji chake. Yaandike pamoja na mwaka kwenye karatasi ndogo, uigandishe chini ya kigoda au uitie ndani ya kikapu. Ni jambo dogo, lakini wajukuu watakushukuru kwa karatasi hiyo kuliko kwa kikapu chenyewe.

Na kizuri utakijuaje? Kikapu kigeuze, utazame kitako pale msusi alipoanzia. Msusi hodari huanza kwa mkazo uleule anaomalizia. Kibonyeze kwa kiganja; kikirudi mahali pake, ni imara. Chungu kigonge kwa kidole: kikilia wazi, kimeiva; kikitoa sauti ya kukoroma, huenda kina ufa. Kigoda kiweke sakafuni uone kama kinayumba. Ukiona unga laini ukidondoka, wadudu wameshaingia. Mninga, mti unaosifika sana huku kwetu, hauliwi na wadudu kwa urahisi, nao una utomvu mwekundu kama damu. Lakini hata mninga ukichongwa mbichi hupasuka, basi uliza umekauka muda gani.

Bei ipatane, wala tusimkandamize fundi. Hesabu siku alizokaa na kazi ile, ujiulize kama wewe ungefanya kibarua kwa ujira huo. Tena si lazima kununua vingi. Kitu kimoja kwa mwaka, kilichochaguliwa kwa makini, kinatosha; na tunapendelea kile unachokitumia, kwa kuwa ungo unaopepeta mchele kila siku utakufundisha ubora wake kuliko ungo uliotundikwa ukutani.

Vya ukindu vikipata unyevu wakati wa masika, vianike kivulini, kwani jua kali huvifanya vikatike.